Kinywa kimefunga, naanzaje tena kuomba?

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa washauri.

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 39, naishi Wete, Pemba. Nilivuka kutoka Tanga mwaka 2013 kufuata kazi ya milango na madirisha, nikaoa, nikawa mtu wa hapa. Mke wangu alifariki mwezi wa Machi mwaka jana, akaniachia binti wa miaka 7. Akiba yetu, pamoja na fedha za kukopa, nilizitia kwenye karafuu. Nilikodi mikarafuu ya mtu, nikalipa wachumaji. Mvua ikashika siku nne mfululizo, jua hakuna, karafuu mbichi zikalala kwenye magunia. Zilipoanikwa zilikuwa zimeshavunda, zikakauka zimepauka na kunyauka, bei yake haikurudisha hata pesa ya wachumaji. Nadaiwa shilingi 2,400,000 na watu watatu.

Kanisani nilikuwa naimba besi. Siku hizi naenda mara moja kwa mwezi, nakaa kiti cha nyuma, natoka kabla ya sadaka. Nikipiga magoti hakuna neno linalotoka. Nikifungua Biblia naona herufi tu. Naamka saa tisa usiku na silali tena mpaka adhana ya alfajiri. Mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Unguja kwa boti. Watu walipoanza kunyanyuka kushika mizigo yao tukiingia bandari ya Mkoani, nikajikuta natamani isifike.

Mzee mmoja wa kanisa ameniambia nichunguze, kuna dhambi nimeificha. Mhubiri niliyempata kwenye simu ameniambia nipande mbegu ya shilingi 300,000 ili mlango ufunguke. Nimeshatuma 120,000, anasema ile iliyobaki ndiyo inayozuia. Wengine wanasema nilibatizwa mchanga, kwa hiyo imani haikushika, nibatizwe upya. Anayenisaidia kweli ni bibi jirani, Muislamu, anayemchana mtoto nywele kabla ya kwenda skuli na kutuletea sahani jioni. Naila kwa aibu.

Juzi binti ameniuliza, "Baba, mbona huimbi?" Sikuwa na jibu. Je, imani yangu ilikuwa ya bandia tangu mwanzo? Naanzia wapi? Naomba hatua. Maneno matamu ninayo mengi.

Seremala, Wete

JIBU

Kaka, pole ya mke, na pole ya msimu.

Umeomba hatua. Ya kwanza ni habari ya boti. Umeitaja kwa sentensi moja ukapita, lakini sisi tumesimama hapo. Mtu anayetamani chombo kisifike amechoka kuishi, na jambo hilo halisubiri Jumapili. Leo hii, kabla ya kulala, mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe kwa maneno yasiyofichwa: "Nimekuwa nikitamani kufa." Awe mchungaji au padri wako, awe fundi mwenzako, awe hata huyo bibi jirani. Kama mawazo hayo yamefika kwenye namna utakavyofanya, usilale peke yako usiku huu; mtu akae nawe, na asubuhi mwende hospitali pamoja. Hata kama hayajafika huko, nenda wiki hii. Kuamka saa tisa usiku kila siku, kukosa hamu ya kula mpaka mkanda unatobolewa, kutosikia ladha ya kitu ulichokipenda, vyote kwa zaidi ya wiki mbili, ni dalili ambazo daktari anazijua kwa jina: sonona. Hospitali ya Wete iko karibu nawe. Ukifika sema wazi kwamba unahitaji huduma ya afya ya akili, usiseme "kichwa kinaniuma" ukaishia kupewa panadol.

Ukiandikiwa dawa, jua mambo mawili. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama za maumivu. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona tofauti, wakati mwingine zaidi, na wengi huziacha siku ya kumi wakidhani hazifai. Pili, usizikatishe ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri, wala kwa kuwa mtu amekuombea akasema umepona. Daktari ndiye anayezipunguza, kidogo kidogo. Kumeza kidonge hakupunguzi imani hata punje.

Tunasema hivi kwa sababu Maandiko yenyewe yana utaratibu huo. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, siku chache baadaye yuko chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, anaomba afe: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Angalia anachofanyiwa. Hakemewi, hafundishwi, hatafutiwi dhambi. Analala. Anaguswa, anakuta mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Baada ya milo miwili na kulala mara mbili ndipo anatembea siku arobaini hadi Horebu, na huko ndiko Mungu anakozungumza naye kwa kirefu.

Kwa hiyo ile sahani ya jioni usiile kwa aibu. Huyo bibi anamlisha mtu wa Mungu, ajue asijue, na wewe kazi yako ni kuimaliza na kurudisha chombo kikiwa safi, ukitia ndani chochote ulicho nacho, hata kama ni ndizi mbili. Asubuhi kula kabla ya kwenda kwenye kazi, uji au muhogo wa jana, usianze siku kwa chai kavu. Chai ya rangi iishie saa kumi jioni. Na usifunge. Tunajua kuna watu watakushauri mfungo wa siku tatu ili "uvunje". Mtu aliyekwisha kukonda na asiyelala akiongeza njaa hupata kizunguzungu na maono ambayo yanaweza kumdanganya.

Sasa mzee wa kanisa. Bila shaka ana nia njema, lakini kazi aliyoifanya ni ya marafiki wa Ayubu. Wale watu walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua midomo wakaharibu, wakamsomea hesabu kwamba mateso ni malipo ya kosa. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, yule yule aliyekuwa akilalamika tangu sura ya 3. Kama kuna jambo dhamiri inakushtaki kwalo kwa jina lake, liungame, upokee msamaha, liishe. Lakini kuichimba nafsi usiku kutafuta dhambi usiyoijua ili uelezwe kwa nini mke alikufa na mvua ikanyesha, hiyo kazi haina mwisho. Mvua ile ilinyeshea karafuu za wengi.

Mhubiri wa kwenye simu, jibu ni fupi: usitume hata shilingi. Petro alimwambia Simoni huko Samaria, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe," kwa sababu alidhani karama ya Mungu hupatikana kwa mali (Matendo 8). Hiyo 180,000 "inayozuia" ukiipata ni ya wadai wako. Zuia namba yake leo. Wadai nao, andika majina matatu na kiasi kwenye karatasi moja, uwafuate wewe kabla hawajakufuata, uwaambie utaweza kiasi gani kwa mwezi bila kuongopa. Mdai anayeletewa 20,000 mkononi hukasirika kidogo kuliko asiyepokelewa simu.

Tuje kwenye kinywa.

Unasema ukipiga magoti hakuna neno. Tunashuku kwamba maneno yapo, ila unaona hayafai kusemwa mahali patakatifu, maana kwenye kwaya tumezoeshwa sifa. Basi jua kwamba karibu theluthi moja ya zaburi 150 ni malalamiko. Ya 13 ina mistari sita tu, itakutosha kwa mwezi mzima. Inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na hilo "hata lini" linarudiwa mara nne katika mistari miwili ya mwanzo. Mistari miwili inayofuata ni ombi. Miwili ya mwisho ni kutumaini. Ulalamikaji, ombi, tumaini, kwa mpangilio huo, na malalamiko ndiyo yanayotangulia.

Chukua daftari la vipimo unalotumia kazini. Ukurasa mmoja, andika "hata lini" zako nne. Ziwe zako: hata lini nitalala upande mmoja wa kitanda, hata lini nitasikia harufu ya karafuu nikachafukwa. Chini yake ombi moja, dogo, la siku hiyo tu: nipate saa tano za usingizi, nisimpigie mtoto kelele. Halafu mstari wa mwisho, ukiwa nao. Ukikosa, andika maneno ya yule baba kwenye Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," ambaye mwanawe aliponywa akiwa amesema hayo tu. Soma ulichoandika kwa sauti, hata ya kunong'ona, kinywa kitikisike. Dakika tano. Funga daftari uende kazini.

Siku nyingine mstari wa tumaini utakuwa uongo, usiuandike. Zaburi ya 88 haina mstari huo. Kwa Kiebrania neno lake la mwisho ni giza, na bado imewekwa kwenye Biblia pamoja na zote. Ile iwe ya saa tisa usiku. Na usiku huo simu ibaki chumba kingine. Mahubiri ya usiku wa manane kwenye simu ndiyo yaliyokufikisha kwa yule mpanda mbegu.

Baada ya wiki mbili za Zaburi 13, ongeza Injili ya Marko. Ina sura 16. Moja kwa siku, dakika kumi hivi, ila ya 14 ni ndefu, igawe mara mbili. Usianze Mwanzo ukakusudia kuimaliza Biblia yote kwa mwaka. Wengi waliokata tamaa hufia kwenye Mambo ya Walawi. Kwenye kila sura jiulize swali moja tu: Yesu yuko wapi katika chumba hiki, na anamtazama nani? Isome hivyo hivyo hata kama herufi zinabaki herufi.

Hapa ndipo watu huharibu, na wewe kama fundi utatuelewa upesi. Ukiunga mbao mbili ukakaza jiriwa mpaka mwisho, gundi yote hutoka pembeni, kiungo kinabaki kikavu na baada ya miezi kinaachia. Hukazwa kiasi, kisha huachwa. Mtu akisikia nafuu wiki ya pili huongeza: saa nzima ya maombi, mkesha Ijumaa, nadhiri. Wiki ya tatu anashindwa, anajihukumu, anaacha vyote. Ukikosa siku moja, usilipe deni kesho yake. Endelea na dakika tano zile zile. Nadhiri usiweke kabisa kwa sasa. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 5, kinasema ni heri usiweke kuliko kuiweka usiitimize.

Na ujue tarehe zitakazokupiga: Machi, siku ya kuzaliwa ya mtoto, mwanzo wa msimu majamvi ya kuanikia karafuu yanapotandazwa barabarani. Mtu huinuka vizuri, halafu harufu moja inamwangusha. Hiyo siyo imani kuanguka, ni huzuni inakuja na kalenda yake. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na matumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini kwa Lazaro akijua kwamba muda si mrefu atamwita atoke.

Kuhusu ubatizo, hapa makanisa yanatofautiana na hatutaificha tofauti hiyo. Waanglikana, Wakatoliki na Walutheri hawarudii ubatizo uliofanywa kwa maji kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kanuni ya Imani ya Nikea inakiri ubatizo mmoja. Makanisa mengi ya Kipentekoste na Kibaptisti yanashikilia kwamba ubatizo ni wa aliyeamini mwenyewe, kwa kuzamishwa. Ukitaka kulifikiria jambo hilo, lifikirie ukiwa unalala usiku na kula mchana, baada ya miezi, pamoja na mchungaji wako. Lakini usibatizwe kama dawa ya sonona. Maji hayo yakishakauka na saa tisa usiku ikarudi, utadhani Mungu naye amekukataa mara ya pili.

Na swali lako zito, kama imani ilikuwa ya bandia. Soma Yohana 18 na 21 kwa pamoja, utafute moto wa makaa. Upo mara mbili. Wa kwanza uko uani kwa kuhani mkuu, Petro anaota moto na kumkana Bwana wake mara tatu, baada ya kutembea naye miaka. Wa pili uko ufukweni, asubuhi, baada ya usiku mzima wa kuvua bila kupata hata dagaa. Yesu amefufuka, anajua yote, na neno analowaambia mtu yeyote wa Pemba analisikia kila asubuhi nyumbani kwake: "Njoni mfungue kinywa." Samaki juu ya makaa, na mkate. Wakiisha kula ndipo anamuuliza Petro, mara tatu, kama anampenda. Hamrudishi darasa la kwanza. Hamwambii kwamba ile miaka ya nyuma ilikuwa bure. Anampa kazi: lisha kondoo zangu.

Huyo huyo Petro, katika waraka wake wa kwanza, ndiye anayesema Mungu "alituzaa mara ya pili ili tupate tumaini lenye uzima kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu." Tazama tumaini limefungwa wapi. Limefungwa kwenye kaburi lililokutwa tupu, jambo lililotokea nje ya kifua cha Petro, kwa hiyo halipandi na kushuka na namna alivyoamka. Lako pia limefungwa hapo. Unayoyasikia au usiyoyasikia ukipiga magoti yanaeleza hali ya mwili wako. Hayaelezi kama Kristo yu hai.

Ukivuka tena kwenda Unguja, ingia kanisa la Kianglikana la Mkunazini ukaone nguzo karibu na mlango wa magharibi. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa kufungwa, mahali pale pale pa soko. Inasimuliwa kwamba Askofu Steere, aliyelijenga, alikuwa hayupo mafundi walipozisimamisha, wakaziweka kichwa chini. Zimeachwa hivyo hivyo. Wewe fundi utaliona kosa kabla ya mtu yeyote, na utaona pia kwamba paa liko juu yake.

Iliyobaki ni Jumapili. Usisubiri kutamani kwenda. Nenda Jumapili mbili kwa mwezi kwa miezi mitatu, hata bila hamu. Usikae kiti cha nyuma kabisa, maana kiko karibu mno na mlango. Kaa katikati, pembeni. Kaa mpaka baada ya sadaka, na kama huna cha kutoa, hakuna anayehesabu mikono. Mtafute mtu mmoja, si kwaya nzima, umwambie: "Siwezi kuomba kwa sasa, niombee wewe Jumatano, uniulize Ijumaa kama nimekula." Mtu akipewa kazi yenye siku huifanya, ukimwambia "niombee" tu atasahau kabla gari halijafika Chake Chake.

Na mchukue binti. Akikuuliza tena mbona huimbi, mwambie ukweli kwamba sauti ya baba bado haijarudi. Mpe yeye aimbe, wewe umshikie kitabu.